Nafasi ya Kumi na Nane

Jumanne, 8 Aprili. Salale, shambani kwa bibi

Nimefika jana jioni na begi moja, laptop moja na hasira zangu. Bibi Mwanabaraka aliteleza ukingoni mwa mto mwezi uliopita, kifundo cha mguu kikavimba, na mpunga wake hauna wa kuulinda. Mama yuko Kibiti na wadogo zangu wanaosoma. Wengine wote wana sababu. Mimi ndiye niliyekutwa sina sababu, maana kwa ukoo wetu kukaa mbele ya kompyuta bado ni kukaa tu.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Kaka Hiren, mtoto wa Mzee Lalji mwenye duka pale Ikwiriri, ana chumba nyuma ya duka la baba yake. Humo anatengeneza kurasa za mtandao za nyumba za wageni na za wanunuzi wa ufuta. Miezi mitatu ametufundisha watu watatu: mimi, Haruna na Faraja. Nafasi ya kubaki kufanya naye kazi ni moja tu. Kila mtu amepewa atengeneze ukurasa wake, na siku ya kuuonesha ni Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, humo humo chumbani kwake. Mimi ndiye bora katika sisi watatu. Naandika bila haya kwa sababu daftari ni langu.

Nilipomwambia nakwenda kulinda mpunga, aliguna. "Zuena, utaandika programu kwenye matope?"

"Kwenye dungu," nikamjibu. "Matope yapo chini."

Na kweli. Dungu la bibi limeinuliwa juu ya miti mirefu ili mlinzi aone shamba zima, na leo nimegundua kwamba chini mtandao haupo kabisa, ila juu unasoma vijiti vitatu. Nani kama mimi!

Jumatano, 9 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Sola ya bibi inachaji ikipenda.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya swala nimekwenda gatini kumwona Nahodha Mtoro. Boti yake ya mashine inaitwa Sina Neno, na ndiyo inayotutoa huku visiwani mpaka Nyamisati, mara moja kila maji yakijaa. Ukurasa wangu utakuwa wa boti hiyo. Mtu aone nafasi zimebaki ngapi, abonyeze, ashike yake. Asiye na simu kubwa atashikiwa na mama wa vocha pale gatini.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo mguu?"

"Anakanyaga kidogo. Nahodha, boti yako inabeba watu wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Hata wakiwa wengi?"

"Hata wakiwa wafalme. Wa kumi na tisa hapandi boti yangu." Alisema hivyo akifunga fundo, hata hakunitazama. Kuna mwaka boti ya jirani ilizama kwa kupakia kupita kiasi, yeye ndiye aliyekwenda kuokota watu, na tangu hapo hana mchezo.

Nikamweleza ukurasa wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea, maana nilimjua ni mkaidi. Kisha akasema simu zimemchosha: anashika usukani, simu inalia, mtu anauliza nafasi ipo. "Haya, tengeneza. Lakini ukurasa wako ukinipakilia vibaya hata siku moja, nauacha siku hiyo hiyo."

Nikamwambia hautapakia vibaya. Nimeandika kwenye kiganja: 18.

Jumapili, 13 Aprili

Imekubali! Unabonyeza "Nishikie nafasi", kumi na nane inakuwa kumi na saba, na jina lako linaingia kwenye orodha. Zikiisha, linatokea neno jekundu: IMEJAA. Nimembonyezea bibi mara kumi na nane. Mwisho akasema, "Mke mwenzangu, hiyo boti haiondoki?" Tangu nizaliwe ananiita mke mwenzake, ananitania kwamba babu alituoa sote wawili.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemtumia Hiren. Amenirudishia ujumbe wa sauti wa dakika moja, na nimeusikiliza mara nne kwa hasira.

"Zuena, kazi inakwenda lakini imejengwa vibaya. Unagusa skrini kwa mkono. Mtu akibonyeza, unakwenda kubadili namba, unatoka hapo unakwenda kubadili orodha, unatoka hapo unakwenda kupaka rangi nyekundu. Siku moja utasahau kimoja. Ukweli uuweke mahali pamoja, kwenye steti. Ubadilishe huo tu. Skrini itajichora yenyewe kutokana nao. Futa yote, anza upya."

Futa yote! Anasema kama anayemwambia mtu afute meza. Yeye amekaa kwenye feni Ikwiriri, mimi nimekaa na mbu na asilimia kumi na mbili za chaji. Na kitu chenyewe kinafanya kazi! Kinafanya kazi, nataka nini tena?

Yeye anasema steti. Mimi nitaandika hali, kwa sababu ndiyo maana yake: hali ya mambo ilivyo sasa hivi, kabla mtu hajaiangalia. Hilo nimelielewa. Ila sijaelewa skrini itajichoraje bila mimi kuigusa.

Nitamwelewa nikipenda.

Jumatatu, 28 Aprili

Sijafuta kitu. Mpunga umetoa masuke, na ndege wamepata habari kabla yetu.

Bibi amenionesha mtambo wake. Kutoka dunguni zinatoka kamba saba, zinapita juu ya shamba kwenye miti, na kila kamba imefungwa makopo ya maziwa yenye kokoto ndani. Kamba zote saba zimeunganishwa kwenye kamba moja nene inayoning'inia hapa tunapokaa. Ukivuta hiyo nene, shamba zima linapiga kelele na ndege wote wanaruka. Bibi anavuta huku anachambua mboga. Nikamuuliza alifundishwa na nani. Akasema na njaa.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nguruwe wameangusha mti wa kati na kamba nene imekatika. Hatukujua mpaka kulipokucha na ndege wakashuka. Bibi akavuta, kimya. Nikaruka chini. Nilikimbia kwenye matope mpaka kopo la mashariki nikalitikisa, ndege wakahamia magharibi. Nikakimbia magharibi, wakarudi mashariki. Nimetikisa makopo labda ishirini, nimeanguka mara mbili, kanga imebaki shambani. Nyuma yangu namsikia bibi juu ya dungu anacheka mpaka anakohoa.

"Mke mwenzangu! Kopo haliendewi! Funga kamba, urudi huku, uvute!"

Nilisimama pale pale nimeshika kopo la maziwa. Halafu na mimi nikaanza kucheka, peke yangu, matope mpaka magotini.

Kumbe ndicho alichokuwa anasema Hiren. Namba ni kopo, orodha ni kopo, lile neno jekundu ni kopo. Mimi mwezi mzima nakimbilia kopo moja moja, na ndege wanahamia pale nisipokuwepo. Hali ndiyo kamba nene. Vuta hiyo, mengine yatajililia yenyewe.

Nimefunga kamba. Nimepanda juu. Nimefuta yote.

Jumatano, 7 Mei

Siku tano nimeandika upya, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye laptop. Ilipokubali nilipiga kelele hadi ndege wakaruka bila kopo. Mtu akishika nafasi nabadili hali, basi. Skrini inajichora. Sikuigusa! Nilimpigia Hiren nikamwambia alikuwa sahihi. Akasema, "Rudia, sikusikia vizuri." Nikakata simu. Alikuwa amesikia.

Jumanne, 13 Mei

Mvua, ndege, mvua. Kiboko amepita upande wa jirani. Bibi amekwenda hadi kisimani bila fimbo.

Jumamosi, 24 Mei

Siku ya aibu ndogo mbili zilizofanana.

Ya kwanza. Kopo la kona ya mbali lilikuwa linalia kidogo. Mimi, fundi mpya, nikalifunga kamba ya pili, yangu mwenyewe, moja kwa moja hadi dunguni, bila kumwambia bibi. Tangu juzi halilii kabisa na ile kona imeliwa. Bibi amekwenda mwenyewe kuangalia, akarudi mdomo ameubana. "Umelifunga kamba mbili. Wewe ukivuta, yangu inalizuia. Mimi nikivuta, yako inalizuia. Kata moja." Nikakata. Mpunga wa ile kona haurudi, na imeniuma kuliko nilivyomwonesha.

Ya pili. Mchana amekuja Mwajabu kututazama. Ni jirani yetu na rafiki yangu tangu chuoni kwa maalimu, ameolewa na Nurdini, na sasa ana mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba. Nikampa simu ajaribu ukurasa. Akashika nafasi, akajitoa, akashika tena, akajitoa tena. Kisha akakunja uso.

"Shoga, jina langu halipo kwenye orodha. Lakini nafasi inasema kumi na sita. Mimi nimekwenda wapi?"

"Hebu lete."

Nilikuwa nimeweka orodha ya abiria kwenye hali, na nafasi zilizobaki nazo nimeziweka kwenye hali, kila moja peke yake. Anapojitoa mtu, orodha inajua, nafasi haijui. Kopo moja, kamba mbili! Asubuhi nimekata moja shambani, na nyingine ilikuwa kwenye laptop wakati wote.

Sasa nimebakisha orodha tu. Zilizobaki hazihifadhiwi popote, zinahesabiwa: kumi na nane ukitoa waliomo. Mwajabu akajaribu mara kumi, haikosei. Akasema nikipata hiyo kazi ya Ikwiriri nisimsahau. Nikamwambia mtoto wake atafundishwa na mimi, atake asitake.

Jumapili, 1 Juni

Leo Sina Neno imeondoka na watu kumi na mmoja, wote kwa ukurasa wangu. Mama wa vocha alisoma majina, Nahodha akawaangalia wanavyopanda, akahesabu kwa kidole, akanyamaza. Kwa Nahodha kunyamaza ni sifa.

Jumatano, 4 Juni

Watu kumi na wawili. Hakuna kosa.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Biriani kwa akina Nurdini. Leo siandiki zaidi, nimeshiba.

Alhamisi, 12 Juni

Tumeanza kuvuna tangu Jumatatu, majirani wamekuja kutusaidia, na bibi anavuna kwa miguu yake miwili. Kwa hiyo Jumamosi naondoka bila kumwacha mtu kwenye shida.

Na Jumamosi boti itajaa, kwa mara ya kwanza tangu ukurasa uanze. Waliokuja kula Idi wote wanarudi. Nimekuwa nikitazama orodha tangu asubuhi: kumi na nne, kumi na tano. Ilipofika kumi na saba nikashika ya mwisho, yangu, na skrini ikawa nyekundu mbele ya macho yangu. IMEJAA. Nimeipiga picha nikamtumia Hiren, nikamwandikia: "Boti halisi, watu halisi. Saa nne nipo kwako."

Niliposhuka gatini kununua bando, mama wa vocha alikuwa anaangalia simu yake. "Imejaa kabisa kabisa?"

"Kabisa kabisa, mama."

Akaguna, akanikatia vocha.

Sina wasiwasi. Haruna ametengeneza ukurasa wa kinyozi. Faraja ametengeneza wa nyumba ya wageni, nasikia una rangi nzuri sana. Rangi!

Jumamosi, 14 Juni

Niandike taratibu, kwa mpangilio.

Maji yalijaa alfajiri. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa gatini, nguo nimepiga pasi ya mkaa, laptop mgongoni. Nahodha alikuwa mbele anahangaika na mashine, mama wa vocha anaita majina. Watu wakapanda. Mimi niliitwa mwisho, na pahali palipobaki palikuwa nyuma, karibu na usukani, kwenye ubao ulioviringishiwa kigodoro. Nikakaa. Nikafurahi hata: kigodoro!

Nahodha akaja nyuma kushika usukani, akanikuta. Akanitazama mimi, akatazama kigodoro.

"Zuena, mwanangu. Hapo umekaa wewe?"

"Ndiyo, Nahodha. Ya kumi na nane."

Akainua macho. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu, njia ya kijijini, na mimi nikageuka.

Walikuwa wanakuja na Mwajabu. Nurdini na kaka yake wamembeba kwenye kiti cha plastiki, mama yake anakimbia kando na kifurushi cha kanga. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana jioni, na mkunga wa hapa amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Kibiti, asicheleweshwe. Nurdini hakuuliza kama nafasi ipo. Aliweka kiti kwenye maji ya kufika magoti, akainua macho moja kwa moja kwenye kile kigodoro, na akaniona mimi nimekikalia.

Ndipo nilipokumbuka.

Nilikuwa na miaka tisa. Homa imenipanda mpaka sijui jina langu, babu amenibeba, na boti ilikuwa imejaa watu wa msiba. Nikalazwa pale pale. Hakuna aliyenyanyuka, hakuna aliyeombwa, pahali palikuwepo tu. Sina Neno inabeba kumi na wanane, na nahodha wake huwaambia watu imejaa wanapofika kumi na saba. Hatangazi. Hakuna mtu huku asiyejua. Hakuna aliyeniambia nikitengeneza ukurasa, kwa sababu nani atamwambia mtoto wa Salale habari za kiti cha mgonjwa? Nahodha nilimuuliza boti inabeba wangapi, akanijibu ukweli. Sikumuuliza anapakia wangapi.

Na mimi nilikigawa. Nikampa mtu mwenye nguo zilizopigwa pasi.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilishuka, nadhani niliruka, maji yakafika kiunoni, laptop nimeinyanyua kichwani. Tukamwingiza Mwajabu. Alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia, akasema, "Shoga, si una mtihani leo?" Nikamwambia anyamaze azae. Muuza kaa mmoja akashuka na tenga lake bila kuambiwa, ili mama yake Mwajabu apande. Nurdini akabaki majini. Wakawa kumi na wanane.

Kabla ya kuwasha mashine Nahodha alinitazama. Niliomba anitukane. Akasema tu, "Ukurasa wako, mwanangu," akatikisa kichwa, akaondoka.

Boti nyingine hakuna mpaka maji ya jioni. Nilisimama kando ya Nurdini, tukaitazama ikipotea kwenye kona ya mikoko. Aliniambia, "Umeshuka haraka, ahsante." Hiyo ahsante iliniumiza kuliko tusi.

Saa moja nilikuwa nimerudi juu ya dungu, nimelowa, chaji asilimia arobaini na moja. Bibi aliniona ninavyopanda. Alileta uji akauweka karibu na mkono wangu.

Jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa rahisi: nibadili kumi na nane niandike kumi na saba, nimalize. Nikaandika. Nikaitazama. Uongo. Boti inabeba kumi na wanane, na siku mgonjwa akipanda, ukurasa wangu utakuwa haujui kwamba yupo. Nikafuta. Kasoro ilikuwa kwenye ile hali niliyojisifia, ilikuwa na orodha ya abiria tu. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ile boti sikukiweka humo. Basi nikakiweka: mgonjwa, yupo au hayupo. Kiko peke yake, nje ya orodha, na watu hawakioni. Kinabadilishwa na Nahodha peke yake, kwa namba yake ya siri. Nafasi za watu ni kumi na nane, kasoro hiyo moja, kasoro waliomo. Nilichoongeza ni mistari michache. Skrini sikuigusa.

Saa nne kasoro dakika tano nikampigia Hiren.

"Zuena, uko wapi? Haruna yupo, Faraja yupo."

"Nipo Salale. Sitafika. Fungua ukurasa, fungua ile nakala ya majaribio, ujaze boti."

Nilimsikia anavuta pumzi ya mtu aliyekasirika. Nikasikia vitufe. Alikuwa ameweka simu kwenye spika, nasikia feni, nasikia wateja dukani.

"Imejaa kwenye kumi na saba," akasema. "Juzi umenitumia picha ya kumi na nane. Umeharibu hesabu, Zuena. Siku ya leo, kweli?"

"Sijaharibu. Juzi ndiyo niliharibu." Nikamweleza. Kiti, Mwajabu, mimi nilivyokikalia. Sikuficha kitu. Nilipomaliza nikasikia sauti ya mzee kutoka mbali, kutoka kaunta.

"Dikra, mwanangu! Hicho kiti mimi nimekilalia!"

Alikuwa Mzee Lalji. Akaja mpaka kwenye simu, namsikia anavyohema. "Nyoka aliniuma Salale, nimekwenda kununua mpunga, wewe Hiren hujazaliwa. Nahodha alikuwa baba yake Mtoro. Boti imejaa, mimi nasema leo nakufa huku. Wapi! Nimekuta pahali pangu pananingoja."

"Baba, huu ukurasa nimekuonesha wiki nzima. Mbona hukusema?"

"Nani asiyejua jambo hilo?" akasema Mzee Lalji, akarudi kwa wateja wake.

Nikamwambia Hiren aweke mikono mbali na kompyuta, aangalie tu ukurasa wa Nahodha. Hapa dunguni nikabadili hali: mgonjwa yupo, na kwenye ukurasa huo waliomo wakasomeka kumi na wanane. Kule Ikwiriri, namsikia, akasema, "Eh." Nikairudisha. Akasema "Eh" tena.

"Nitakujibu Jumatatu," akasema. Sikuomba zaidi. Kama nafasi imekwenda kwa Faraja na rangi zake, imekwenda kwa kosa langu mwenyewe, na kosa nimelirekebisha. Nimejisikia vibaya leo kuliko siku yoyote ya msimu huu, lakini kazi yangu naijua.

Saa saba mchana Nurdini amepata simu kutoka Kibiti, akaja mbio mpaka chini ya dungu. Mtoto wa kike. Wazima wote wawili. Bibi alipiga vigelegele, na mimi nikavuta kamba nene, makopo yote, ingawa ndege hawakuwepo.

Jumatatu, 16 Juni

Ujumbe wa sauti, sekunde ishirini. "Zuena, wa Faraja ni mzuri kuliko wako kwa macho, nisikudanganye. Lakini ukurasa wake ukiharibika, hajui pa kushika. Wewe ulipoharibu ulijua pa kushika, ukiwa umelowa. Maliza kuvuna, uje. Na umwambie bibi yako nataka kuiona hiyo kamba."

Nimemsikilizisha bibi. Akasema mwambie Mhindi alete viatu vya matope.

Jumapili, 22 Juni

Mpunga umeingia ndani wote isipokuwa ile kona. Asubuhi tumekunja kamba, mimi na bibi, kamba saba na ile nene, makopo tumeyaweka kwenye kiroba. Kesho naondoka.

Mchana Nahodha Mtoro amekuja shambani. Tangu ile Jumamosi alikuwa amerudi kwenye simu zake, ukurasa hautumii, ingawa watu wameendelea kushika nafasi humo, na mimi sikumfuata kwa sababu alinionya mapema. Amemsalimia bibi, amekula muhogo, amesifu mpunga. Alizunguka sana. Mwisho akasema mtoto wa Mwajabu ameletwa jana na watu wanasema aitwe Zuena. Nikasema wamwonee huruma, wamwite Sina Neno. Akacheka, na nikajua sasa anaweza kusema kilichomleta.

"Mzee Lalji amenipigia. Anasema umekiweka kiti. Nioneshe kilipo."

Tukapanda dunguni, nikafungua ukurasa, nikampa simu. Akaisogeza mbali na macho, akaitafuta juu mpaka chini.

"Hakipo."

"Hakionekani, Nahodha. Kipo. Watu wakifika kumi na saba, ukurasa unasema imejaa. Basi. Hausemi kwa nini."

Akalifikiria hilo, mdomo umesogea mbele. "Na akija mgonjwa?"

Nikaingiza namba yake ya siri, nikamwonesha kitufe chake. "Unabonyeza hapa, wewe peke yako. Jaribu."

Alinyanyua kidole gumba, kikafika karibu kabisa na kioo, akakirudisha.

"Hapana, mwanangu. Bila mgonjwa sibonyezi," akasema. Akaifuta simu kwa shati lake, akanirudishia. "Kesho unasafiri?"

"Inshallah."

"Basi shika nafasi mapema. Zimebaki sita."

Sikumwambia nimeshaishika tangu jana, ya kwanza kwenye orodha. Nilimuuliza amejuaje kama zimebaki sita.

"Nimeangalia ukurasani njiani nikija," akasema, akainuka kwenda kumuaga bibi.